Chujio la Maji la Jokofu

Katika nchi ya Marekani jokofu la nyumbani si sanduku la kuhifadhia nyama na maziwa tu. Majokofu mengi ya huko yameungwa na bomba la maji ya nyumba kwa mrija mwembamba uingiao kwa nyuma. Mtu akiwa na kiu huleta bilauri yake mlangoni pa jokofu, huisukuma kidogo penye kitufe, na maji baridi humiminika. Akitaka barafu, barafu huanguka vipande vipande kama changarawe. Majokofu ya namna hiyo sasa yaonekana pia katika baadhi ya nyumba za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Basi kati ya bomba na bilauri pana chombo kidogo, urefu wake kama shubiri moja, ambacho wengi wa watu wa nyumba hiyo hawajapata kukiona. Chombo hicho ndicho chujio.

Chujio hilo halidumu. Ikipita miezi kama sita, taa ndogo mlangoni pa jokofu huwaka nyekundu, maana yake wakati umefika wa kutia chujio jipya. Mwenye nyumba huenda dukani, naye huona machujio kumi yaliyopangwa rafuni. Yote yafanana. Yote ni ya plastiki, mengi ni meupe, na kila moja limeandikwa maneno ya kujisifu. Lakini moja lauzwa kwa bei mara tatu ya jingine. Alinunue lipi?

Mtu wa haraka hujibu: alinunue lile linaloingia mahali pake. Jibu hilo ni nusu ya jibu, maana kuingia si kuchuja. Viwanda vingine hutoa pamoja na jokofu kizibo cha plastiki kisicho na kitu ndani yake, ili mtu asiyetaka kuchuja maji akiweke mahali pa chujio, na maji yapite kama yalivyo. Kizibo hicho huingia sawasawa, hakivuji, wala jokofu halilalamiki. Maji hutoka baridi na ya kupendeza, yakiwa na kila kitu yaliyoingia nacho. Kwa hiyo anayetaka kuchagua vema sharti kwanza ajue ndani ya chujio mna nini, na kitu hicho chaweza kazi gani, na kazi gani hakiwezi.

Chujio kuukuu likikatwa kwa msumeno, ndani yake huonekana kitu cheusi mfano wa bomba nene, kimezungushiwa kitambaa cheupe. Maji huingia kwa nje, hupenya kitambaa, hupenya kile cheusi, kisha hutoka kwa tundu la katikati. Kitambaa huzuia mchanga na kutu. Kile cheusi ni mkaa.

Lakini si mkaa wa kupikia. Mkaa wa machujio mengi hutokana na vifuu vya nazi, vile vile ambavyo watu wa pwani huvitupa au kuvitumia kwa moto baada ya kukuna nazi. Vifuu huchomwa kwanza mahali pasipo hewa ya kutosha, visiungue vikawa majivu. Kisha mkaa huo hupitishiwa mvuke katika joto kali sana, digrii 800 na zaidi. Mvuke hula mkaa kwa ndani, ukaacha vitundu na vijia visivyohesabika, vingi vyao ni vidogo hata darubini ya kawaida haivioni. Mkaa ukiisha kufanyiwa hivyo hufanana na sifongo iliyo ngumu. Kuta za vitundu vyote vya gramu moja, kama zingaliweza kutandazwa chini, zingaliweza kufunika meta za mraba kama 1000. Uwanja wa mpira wenye urefu wa meta 105 na upana wa meta 68 una meta za mraba 7140. Basi mkaa wa gramu nane tu, ambao mtoto aweza kuuficha katika ngumi yake, una kuta za kutosha kufunika uwanja mzima.

Faida ya kuta hizo ni nini? Chekecheke huzuia kitu kikubwa kuliko matundu yake, na kilicho kidogo hupita. Mkaa hufanya kazi hiyo, lakini hufanya na nyingine iliyo ya ajabu zaidi. Vitu vingi vilivyoyeyuka katika maji, ambavyo vingepita katika chekecheke lolote, vikigusa kuta za mkaa hunata. Havirudi tena majini. Kadiri kuta zilivyo nyingi, ndivyo mkaa uwezavyo kushika vitu vingi. Na siku kuta zote zikijaa, hapana nafasi tena, nayo maji hupita bila kuguswa. Hii ndiyo sababu chujio halioshwi likarudishwa. Kuliosha kwa maji ni kama kufuta mlango wa ghala lililojaa.

Nguvu hiyo ya mkaa ilijulikana sana wakati wa Vita Kuu ya kwanza. Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres katika nchi ya Ubelgiji, majeshi ya Wajerumani yalifungua mitungi ya hewa ya klorini, upepo ukaipeleka kwa adui zao. Watu wengi walikufa kwa kuchomwa mapafu. Baadaye askari walipewa vifuniko vya uso vyenye mkaa ndani, wavute pumzi kwa kupitia mkaa huo. Mkaa wa vifuu ulionekana kuwa bora, lakini vifuu havikutosha. Mwaka 1918 watu wa Marekani waliombwa wasitupe kokwa za matunda wala maganda ya karanga kubwa, bali wayakusanye yapelekwe viwandani.

Klorini hiyo hiyo, kwa kiasi kidogo sana, ni rafiki ya mwanadamu. Mwaka 1908 mji wa Jersey City katika Marekani ulianza kutia dawa yenye klorini katika maji ya mji wote, siku zote, ili kuua vijidudu. Miji mingine ilifuata, na homa ya matumbo, ambayo ilikuwa ikiua watu kila mwaka, ilipungua sana. Hata leo maji ya bomba katika miji mingi ya dunia hutiwa klorini. Lakini dawa hiyo ina harufu na ladha ambayo wengi hawaipendi, hasa katika chai. Klorini ikigusana na mkaa hubadilika, harufu ikatoweka. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya chujio la jokofu, na machujio mengi ya bei ndogo hayana kazi nyingine ila hiyo. Mnunuzi huonja maji, huona ladha imekuwa njema, hudhani maji yamekuwa salama. Ladha njema na usalama ni mambo mawili mbalimbali.

Kwa kuwa jicho na ulimi haviwezi kulipima chujio, wako watu ambao kazi yao ni kuyapima. Mwaka 1944 lilianzishwa katika mji wa Ann Arbor, jimbo la Michigan, shirika lijulikanalo kwa herufi tatu, NSF. Shirika hilo hutengeneza kanuni za vyombo vinavyogusa maji na chakula, na kupima vyombo vya viwanda. Yako na mashirika mengine yapimayo kwa kanuni hizo hizo. Chujio likifaulu hupewa cheti pamoja na namba ya kanuni lililofaulu. Mnunuzi asiyejua maana ya namba hizo huzipita kwa macho, kumbe ndizo neno la maana kuliko yote yaliyoandikwa juu ya sanduku.

Namba 42 ni ya ladha, harufu, klorini na uchafu uonekanao. Chujio lenye namba 42 peke yake hupendeza maji, wala halikuahidi zaidi. Namba 53 ni ya mambo ya afya: madini ya risasi, zebaki, vijidudu vya namna fulani, na sumu nyinginezo. Namba 401 ni ya mabaki machache sana ya dawa za hospitali, dawa za kuulia wadudu na vitu vingine vya viwandani, ambavyo siku hizi vyapatikana katika maji ya mito.

Hapa pana mtego ambao hata watu wazima waliosoma hunaswa nao. Namba 53 si kitu kimoja. Kiwanda huchagua vitu gani chujio lake lipimwe navyo. Chujio moja laweza kuwa na namba 53 kwa sababu limefaulu kuondoa risasi na zebaki; jingine laweza kuwa na namba hiyo hiyo kwa sababu limefaulu kuzuia vijidudu tu, na risasi yapita ndani yake kama maji yapitavyo katika mfereji. Kwa hiyo haitoshi kuiona namba. Ndani ya sanduku, au pamoja na habari za chujio, hupatikana karatasi yenye orodha ya vitu vilivyopimwa, na mbele ya kila kitu sehemu ngapi katika mia iliondolewa. Kitu kisichotajwa katika karatasi hiyo kihesabiwe kuwa hakiondolewi.

Tena maneno yenyewe yatazamwe. Kusema kwamba chujio "limepewa cheti" cha kanuni 53 ni neno moja. Kusema kwamba "limetengenezwa kwa kufuata" kanuni 53 ni neno jingine, maana hapo msemaji ni muuzaji mwenyewe, wala hapana mtu wa pili aliyelipima. Majina ya machujio yenye cheti huandikwa katika orodha za mashirika yaliyoyapima, na mtu yeyote aweza kuzitazama.

Habari za mji wa Flint zaonyesha kwa nini jambo hili si dogo. Flint uko katika jimbo la Michigan, nao mwaka 2014 ulikuwa na watu wasiopungua sana laki moja. Kwa miaka mingi mji huo ulinunua maji kutoka Detroit, yaliyotekwa katika ziwa Huron. Mwezi wa Aprili 2014, ili kupunguza gharama, maji yalianza kutekwa katika mto Flint. Maji ya mto huo yalikuwa na tabia ya kula mabomba, nayo hayakutiwa dawa ya kuzuia hali hiyo. Mabomba mengi ya kuingiza maji majumbani yalikuwa ya risasi tangu zamani. Ngozi ya ndani ya mabomba ilibambuka, na risasi ikaingia majini.

Watu waliona maji ya rangi ya kahawia, wakalalamika. Lakini risasi yenyewe haina rangi, haina harufu, wala haina ladha. Nayo ni sumu iharibuyo hasa akili za watoto wadogo. Mtu akiyachemsha maji hayo haimwondolei risasi; mvuke huenda zake na risasi hubaki katika maji yaliyopungua. Mwezi wa Oktoba 2015 mji ulirudia maji ya Detroit, lakini mabomba yalikuwa yamekwisha haribika, na watu waligawiwa machujio ya kufunga bombani. Hayo hayakuwa machujio yoyote. Yalichaguliwa yale yaliyopimwa kwa risasi chini ya kanuni 53. Mama aliyekuwa na chujio la namba 42 katika jokofu lake aliwapa watoto wake maji mazuri ya baridi, yasiyo na harufu ya klorini, na hakuna mtu aliyejua alilowapa pamoja nayo.

Basi swali la kwanza la mnunuzi si chujio gani, bali maji gani. Katika Marekani sheria yataka kila mji upeleke kwa watu wake, kabla ya tarehe 1 Julai ya kila mwaka, taarifa ya vitu vilivyopatikana katika maji. Taarifa hiyo ni mwanzo mzuri, lakini haimalizi neno, kwa sababu risasi mara nyingi huingia njiani, karibu na nyumba au ndani ya nyumba yenyewe. Mabomba ya risasi yalikatazwa mwaka 1986. Mwenye nyumba iliyojengwa kabla ya hapo hana budi kuuliza bomba lake ni la madini gani, au kupeleka maji yake yakapimwe. Akijua hayo, karatasi ya chujio humsomekea kwa urahisi, maana ajua neno analolitafuta.

Jambo la vijidudu lahitaji kuelezwa kwa utulivu, kwa kuwa ndipo wengi hukosea, na kukosea hapo ni hatari kwa nyumba za Afrika ya Mashariki kuliko za Marekani.

Milimeta moja ikigawanywa mara elfu, kila sehemu huitwa maikroni. Machujio mazuri ya jokofu, yale yaliyopimwa kwa vijidudu, huzuia kitu chenye ukubwa wa maikroni moja na zaidi. Mwezi wa Aprili 1993 mji wa Milwaukee, ulio kando ya ziwa Michigan, uliingiliwa na kijidudu kiitwacho kriptosporidia. Kijidudu hicho hujifunga katika ganda gumu, na klorini haikiui. Watu wapatao laki nne waliugua kuhara. Ganda lake ni kama maikroni nne mpaka sita, kwa hiyo chujio la maikroni moja humzuia. Ndiyo maana baadhi ya machujio ya jokofu huandikwa kwamba yazuia vijidudu vya ganda.

Lakini kijidudu cha kipindupindu, kwa unene wake, hakifiki maikroni moja. Cha homa ya matumbo pia ni chembamba hivyo. Na virusi viletavyo ugonjwa wa ini ni vidogo zaidi, hata vingi vikipangwa mstari mmoja havijazi upana wa tundu hilo. Vyote hivi hupita. Tena mkaa umekwisha kuondoa klorini, ambayo ilikuwa mlinzi wa maji; vijidudu vikiingia ndani ya chujio hukuta mahali pa unyevu, pasipo dawa, penye nafasi ya kukaa. Viwanda vyenyewe havikulificha jambo hili. Kwenye sanduku, mara nyingi kwa herufi ndogo, huandikwa onyo kwamba chujio lisitumiwe kwa maji yasiyo salama, au yasiyojulikana hali yake, mpaka yametiwa dawa kabla au baada ya kuchujwa.

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam na Nairobi, maji ya bomba hayaji kila siku. Hujazwa katika matangi, hukaa humo, na mara nyingine huongezwa na maji ya kisima au ya gari. Hayo ndiyo maji yasiyojulikana hali yake. Jokofu liungwalo na tangi la namna hiyo, hata likiwa na chujio la bei kubwa, halitoi maji ya kunywa. Maji hayo sharti yachemshwe, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichowekwa. Chujio la udongo wa kuchoma, lile lenye umbo la mshumaa ambalo hukaa ndani ya ndoo mbili zilizobebana, lina matundu membamba kuliko ya mkaa wa jokofu, na likiwa zima huzuia vijidudu vingi vya kipindupindu na homa ya matumbo; walakini virusi hulishinda. Ni ajabu kwamba chombo cha bei ndogo cha jikoni kwaweza kushinda katika jambo hili kile kilichomo ndani ya jokofu la fahari, lakini ndivyo ilivyo, kwa kuwa havikutengenezwa kwa kazi moja.

Mnunuzi akiisha kujua maji yake na kazi anayotaka, ndipo hufika katika habari ya umbo. Hii ni nyepesi. Kila jokofu lina namba ya aina yake, imeandikwa katika kibandiko ndani ya mlango au ukutani mwa chumba cha chakula. Chujio kuukuu nalo lina namba yake. Namba hizo mbili ziandikwe kabla ya kwenda dukani, maana jina la kiwanda peke yake hudanganya. Kampuni ya Whirlpool, kwa mfano, ndiyo mwenye majina ya Maytag, KitchenAid na Amana, na chujio moja laweza kufaa majokofu yenye majina hayo yote. Kumbe majokofu mawili yenye jina moja yaweza kutaka machujio mbalimbali.

Je, ni lazima chujio liwe la kiwanda kile kile kilichotengeneza jokofu? Si lazima. Viko viwanda vingine vitengenezavyo machujio yaingiayo mahali pale, huandika jina lao wenyewe waziwazi, hupeleka machujio yao kupimwa, na huuza kwa bei nafuu. Hao ni wafanyabiashara halali, na chujio lao lenye cheti cha kuondoa risasi ni bora kuliko la jina kubwa lisilo na cheti hicho.

Waovu ni wale wanaoghushi. Hao huchukua jina, rangi na sanduku la kiwanda kingine, wakauza kitu kisicho chake. Maafisa wa forodha wa Marekani wamekamata mara nyingi shehena za machujio hayo bandarini. Yalipopimwa, yako yaliyoonekana kutoondoa risasi kama ilivyoandikwa juu yake. Mnunuzi aweza kuwatambua kwa dalili: bei iliyo chini mno, maneno yaliyokosewa herufi, sanduku lisilo na karatasi ya vipimo, alama ya cheti isiyotaja kanuni, au kifuniko kilichokaa upande. Viwanda vingine vimetia ndani ya chujio kipande kidogo cha umeme ambacho jokofu hukisoma, na lisipokiona hukataa kutoa maji. Kipande hicho huwazuia waghushi, ni kweli; lakini humzuia pia mwenye nyumba asinunue kwa mfanyabiashara halali mwingine, na heri alijue hilo kabla ya kununua jokofu kuliko baadaye.

Imebaki habari ya kiasi. Kila chujio limeandikiwa maji liwezayo kuchuja, na mara nyingi ni galoni 200 za Marekani, yaani lita 757, au miezi sita, lolote litakalotangulia. Wengi hukumbuka miezi na kusahau lita. Tuseme nyumba ina watu watano, na kila mmoja hutumia lita moja na nusu kwa siku. Kwa siku ni lita saba na nusu. Lita 757 zikigawanywa kwa saba na nusu, hupatikana siku 100 na kidogo. Chujio hilo limekwisha kazi yake katika mwezi wa nne, kabla ya kuhesabu barafu. Na kama jokofu huhesabu siku tu, taa yake haitawaka ila miezi miwili na zaidi baadaye. Yako majokofu yanayopima maji yenyewe yanavyopita, na hayo ni afadhali, lakini hata hayo hayajui maji yana nini. Taa haionji maji.

Upande wa pili, mzee akaaye peke yake, atumiaye lita mbili kwa siku, angeweza kufika mwaka mzima kabla ya kuzimaliza lita hizo. Hata hivyo asingoje. Mkaa uliolowa miezi mingi huwa maskani ya vijidudu, na ndiyo sababu mpaka wa miezi sita uliwekwa. Na ikiwa maji yana mchanga mwingi, chujio laweza kuziba mapema zaidi. Dalili yake ni maji kutoka polepole, bilauri ikawa haijai upesi kama zamani.

Kulitia chujio jipya ni kazi ya dakika chache. Katika majokofu mengine liko pembeni juu, ndani ya chumba cha chakula. Katika mengine liko chini, karibu na sakafu. Katika mengine limo mlangoni. La zamani huzungushwa kidogo au husukumwa likatoka, na kitambaa huwekwa chini kwa matone. Pete ya mpira ya chujio jipya itazamwe isiwe imepinda, maana hapo ndipo maji huvujia. Likiisha kukaa imara, maji ya kwanza yasinywewe. Huwa na hewa, hutoka kwa kurukaruka, na huwa na vumbi jeusi la mkaa. Yatolewe lita kama 12, au zaidi ikiwa kitabu cha jokofu chasema hivyo, mpaka yawe maangavu. Yaweza kumwagiwa maua ya uani. Barafu ya kwanza nayo itupwe. Kisha taa hurudishwa mwanzo kwa kubonyeza kitufe chake, na tarehe huandikwa kwa kalamu juu ya mwili wa chujio, pamoja na hesabu ya siku ambazo nyumba hiyo, kwa idadi ya watu wake, itazimaliza lita zake.